Ringi Zenye Zilipakwa Mafuta Kanisani

Akinyi na Brayo, wajukuu wangu, mmenisumbua vya kutosha. Ati, "Shosho, tuachie maneno ya kazi kabla usahau." Asanteni kwa kunikumbusha vile nimezeeka. Kalamu na mimi hatujawahi kujuana; darasa nilikuwa naiona nikipita hapo nje na mtungi ya maji. Kwa hivyo naongea na simu, Akinyi ataandika. Na uandike vile nasema. Ukiniwekea Kiswahili ya mtihani hapo ndani, watu watafikiria nimekufa na ni mchungaji anasoma.

Sitawaambia nilikuwa napata nini kwa hii kazi, kwa sababu mtacheka kwanza halafu mlie. Nitawaambia kazi yenyewe.

Mimi sikukuja Dagoretti Corner kutengeneza baisikeli. Nilikuja kuuza chai. Nilikuwa na birika na sufuria ya mandazi, na mteja wangu wa kwanza kila asubuhi alikuwa Mutiso, fundi wa baisikeli, Mkamba wa kuongea polepole. Neno moja ikitoka, unaweza kuenda kununua sukari urudi kabla ingine itoke. "Mama... Chai," anasema. Unangoja. "Hii... mandazi..." Unangoja. "Ni ya jana." Mnaona huyo mtu? Anatumia asubuhi yote kunitusi.

Siku moja Mutiso alikuwa ameumia kidole, akaniambia nimshikie ringi. Nikashika. Akaniambia nizungushe. "Inacheza... wapi?" Nikamwambia, hapa karibu na breki, inatingika kama mzee ametoka baa na anaogopa kufika nyumbani. Mutiso akaniangalia. Akatoa spana ya spoku, ile ndogo ya mviringo ya kukaza waya za ringi, akaniwekea kwa mkono. "Kaza... upande ile... ingine." Nikakaza. Ringi ikaanza kutulia. Nyuma yangu chai ilichemka ikamwagika, watu wakapiga kelele, mimi sikusikia kitu. Hiyo ndio ilikuwa siku yangu ya kwanza. Barua ya kuandikwa mpaka leo naingoja.

Wateja walikuwa na mdomo. "Ala! Mama, hiyo si ya kukoroga uji." Nikawaambia najua, mwiko ya uji ni kubwa kuliko akili yako, leta baisikeli.

Kitu ya kwanza Mutiso alinifunza, na hii muishike: mteja akikuja, usiguze baisikeli. Mwambie apande, aende mpaka kwa stage ya matatu, arudi. Wewe angalia magoti. Angalia mgongo. Angalia matako kama imekaa ama inatafuta mahali pa kukaa. "Baisikeli... haisikii... uchungu," Mutiso alikuwa anasema. "Uliza... mwenye... anasikia." Kufika hapo mteja alikuwa ameenda na kurudi na kunywa chai.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Spana, alen za kila saizi za kufungua bolti, karai ya maji ya kutafuta panchari, na kamba imefungwa nati, ya kuning'iniza kutoka kwa goti ndio uone kama mguu iko juu ya pedali ama iko safari. Halafu kuna rangi ya kucha. Hiyo ni yangu, Mutiso hakuwa nayo. Nilikuwa naenda kusukwa Kenyatta Market, na msusi wangu akanipatia chupa nyekundu yenye ilikuwa imeanza kukauka. Nilipoanza kuweka alama kwa nguzo ya kiti, mahali kiti inafaa kuwa, Mutiso akacheka mpaka akakohoa. Lakini mteja akienda kwake akipandisha kiti kwa ujuaji, akirudi analia goti, namwambia, "Hii laini nyekundu unaiona?" "Naiona." "Na kiti yako iko wapi?" Anashusha kiti mwenyewe. Hiyo niliipenda kuliko malipo.

Zamani wateja walikuwa watu wa mkate na watu wa maziwa. Hao hawakuulizanga kitu ni nzito ama ni nyepesi. Mtu amefunga kreti za mkate mpaka haoni mbele, utamwambia nini juu ya pedali nyepesi? Mutiso akarudi kwao Machakos akiwa mzee, akaniachia kibanda na karai. Halafu ndio wakakuja watu wa suruali ya kubana.

Walikuwa wanateremka kutoka Spring Valley na Lavington wakimetameta kama samaki. Wakaniambia wanafanya triathlon. Nikauliza hiyo ni dawa ya nini. Wakanieleza: unaogelea, unatoka kwa maji mbio, unapanda baisikeli, unashuka, unakimbia. Yaani shida tatu kwa asubuhi moja, na unalipa kuingia.

Na kila mmoja anataka kuongeza kitu kwa baisikeli. "Shosho," anasema mmoja, anaongea na pua, "hii bolti ya kiti ni heavy sana." Huyo alikuwa na tumbo ya kubeba mapacha na anataka kupunguza bolti. Mwingine: "Nimesoma kuna beringi za kigae, zinateleza vizuri." Kigae kama sahani? "Ee, kigae." Nikaangalia cheni yake. Hiyo cheni ilikuwa na mchanga ya kujenga choo. Nikamwambia aioshe kwanza, halafu tuongee juu ya sahani. Aliosha, akapanda, akarudi akisema baisikeli ni mpya. Beringi nikamwambia angoje Krismasi.

Lakini hizo ni kesi rahisi. Ile ngumu ilikuwa ya Nekesa, na ndio kazi yangu kubwa ya mwisho kabla mikono ikatae spana.

Kwanza mjue Daktari. Ni daktari wa meno, anakaa Spring Valley, mrefu kama mlingoti ya bendera, na mke wake anafanya kazi nje ya nchi. Baisikeli yake ni ya kaboni, chupa ya kaboni, nafikiri hata soksi. Hawezi kufungua mdomo bila "actually". "Actually, Shosho, nimesoma hiyo tairi inapoteza nguvu." "Actually, Shosho, habari ya asubuhi." Nekesa alikuwa anafanya kazi kwa nyumba yake: kupika, kufua, na kupeleka watoto kuogelea kwa klabu fulani hapo karibu.

Nekesa ni wa Budalangi. Huko maji ya mto inaingianga kwa nyumba bila kubisha, kwa hivyo mtoto anajua kuogelea kabla ajue kufunga kamba ya kiatu. Siku moja watoto wakamwambia aingie kwa maji, akaingia. Akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, na madam mwenye anasimamia klabu akasimama na kikombe yake ya kahawa ikapoa. "Nekesa, darling," sauti yake ni kama mtu anaimbia paka, "unapotezea nini wakati na vyombo?" Akamwambia kuna nafasi ya kufunza watoto kuogelea. Kazi kabisa, ya kuandikwa. Lakini klabu ina sheria yake: kila mwalimu lazima awe amemaliza triathlon nzima. Si kushinda. Kumaliza.

Nekesa akaingia mashindano. Kwa maji akatoka mbele ya wanaume. Halafu akapanda baisikeli ya mlima ya mitumba, ile ya tairi za meno meno kama trekta, ikanguruma barabara yote na haiendi. Sasa kwa hizo mashindano, mahali baisikeli inamalizia kuna mtu na kamba. Saa ikifika, anavuta kamba, mwenye hajafika anaenda nyumbani. Nekesa alipata kamba imevutwa. Madam akamwambia, "Darling, nitakungoja mashindano moja tena. Baada ya hapo nafasi naipatia mtu."

Ndio akakuja kwangu. Daktari alikuwa amemtolea baisikeli yake ya zamani kwa stoo, ya chuma, ya barabara, nzuri lakini ya mtu mrefu. Na Nekesa akaniwekea pesa yake kwa mkono, imekunjwa kwa leso.

"Shosho, nipatie ile kitu itanipeleka mbio."

"Panda uende kwa stage urudi."

Akaenda. Mungu wangu. Mikono imenyooka mbele kama anaomba kuokolewa, kiti imemtupa juu, kiuno inapiga dansi kila pedali.

"Wapi inauma?"

"Hakuna."

"Nekesa."

"Shingo."

"Na?"

"Mikono."

"Na?"

Akaangalia chini. "Huko."

"Huko wapi?"

"Shosho, aki, huko!"

Stage yote ikacheka. Nikamwambia vizuri, sasa tunajua pesa inaenda wapi. Inaenda huko.

Sikizeni vile nilifanya, maana hapa ndio mtu wa pesa kidogo anasaidika. Nilitoa ile shingo ndefu yenye inashikilia hendo, pale mikono inakaa, nikaweka fupi kutoka kwa sanduku yangu ya vitu kuukuu. Kiti nikashusha, nikasukuma mbele kidogo, nikapaka laini yangu nyekundu. Mpaka hapo mtoto amekaa kama mtu na pesa yake haijaguswa sana. Halafu tairi. Zile za Daktari zilikuwa zimepasuka pasuka pembeni kama kisigino. Nikamwekea mpya, laini, pana kidogo, na nikamwambia asizijaze upepo mpaka ziwe jiwe, kwa barabara yetu utaruka ruka badala ya kuenda. Tairi ndio inaguza barabara. Mtu akikuambia aanze na kitu ingine, muulize kama anaendesha hewani.

Suruali ya sponji ya kukalia nilimtafutia mwenyewe kwa mitumba. Nilibonyeza sponji ya kila moja kama mtu anachagua avokado, mwenye kuuza akaniuliza, "Mama, unanunua ama unakanda?" Na breki nikabadilisha raba zote.

Yeye alikuwa anataka vile viatu vinashikana na pedali, kama za Daktari. Nikamwambia, hizo utanunua ukiwa na kazi. Wewe weka vikombe vya kamba kwa pedali vishike mguu, pandia na kiatu yako ya kukimbia, ukishuka unakimbia na hiyo hiyo, wengine wakiwa wamekaa chini wanatafuta soksi. Pesa ilikuwa imebaki ya pembe mbili za mitumba, zile za kulalia mikono mbele ndio upepo isikupige kifua. Ikaisha hapo. Ringi hatukuguza. Ringi za chuma zilikuwa zinazunguka vizuri, nilizinyoosha na spana ya Mutiso.

Akaanza kufanya mazoezi mapema, kabla watoto waamke. Baada ya muda anaenda mpaka mji wa Kikuyu na anarudi na pumzi ya kuniongelesha. Nikajua huyu atafika.

Halafu akafanya makosa ya kuambia kanisa wamuombee.

Kanisa yake iko Kawangware, na mwenyekiti wa akina mama huko ni Mama Shiro. Huyo ni Mkikuyu mwenzangu, kwa hivyo nina ruhusa ya kumuiga. "Tumuombee tu? Tumuombee na mikono mitupu? Hio ni kanisa ama ni hosipitari?" Akaitisha harambee. Watu wakatoa. Halafu kamati ikavaa vitambaa vya kichwa ikaenda mjini, River Road, kwa duka ya baisikeli. Mwenye duka, mtu wa heshima, akawauliza dada anahitaji nini. Mama Shiro akamwambia, "Tunataka kitu kubwa. Hata mtu wa kiti ya nyuma kabisa aione."

Akawaonyesha tairi. "Tairi ni kama soksi. Nani anapiga picha na soksi?" Akawaonyesha suruali ya sponji, nzuri, mpya. Kamati ikaangaliana. Hiyo utainuaje madhabahuni?

Wakanunua ringi za kaboni. Nyeusi, mitumba lakini zinang'aa, zile nene za ukuta mrefu, ukiiweka juu unaweza kukaa chini yake na mvua isikupate.

Jumapili zikapelekwa mbele. Waliimba, walicheza nazo, mama mmoja akashika hii, mwingine ile. Pastor akasema vitu vya Mungu hazitoki bila upako. Akafungua chupa ya mafuta, akamwambia mama azungushe, naye anapaka. Pole pole, pembeni yote, mpaka ikarudi mahali alianzia. Alipaka vizuri kama mtu wa chapati. Na hapo pembeni, kwa wale hawajui, ndio breki inashikanga.

Sasa Nekesa atafanya nini? Kitu imetoka kwa sadaka za watu wa kufua na kuuza mboga. Hawezi kuuza. Hawezi kurudisha dukani. Jumatatu akazivalisha mwenyewe, akapanda, akaanza kuteremka kuja kwangu anionyeshe.

Nilimsikia kabla nimuone. "Shosho! Shosho! Shosho haisimaaami!" Akapita kibanda. Akapita stage, makanga wa matatu wakaruka huku na huku. Akaingia kwa jiko ya mama wa mahindi, na mahindi ikatawanyika mpaka barabarani. Yeye alianguka kwa gunia la maganda, Mungu ni mwema, hakuumia. Mama wa mahindi akasimama na kipepeo yake ya moto: "Na hizi zimekanyagwa nani atakula? Pastor?" Yaani hata yeye habari ya ringi ilikuwa imemfikia.

Nikaguza ringi. Kidole ikateleza. Nikanusa.

"Nekesa, hii ni nini?"

"Upako, Shosho."

"Upako kwa breki?"

Akaanza kulia. Nikatoa spirit na kitambaa, nikaanza kupangusa. Sijamaliza robo, nikasikia sauti: "Wewe! Nyanya hii! Unafuta upako ya Bwana na spirit?" Mama Shiro. Alikuwa amekuja kuona ringi zake zikitembea.

"Mama Shiro," nikamwambia, "Bwana alisema huyu msichana asimame mbele ya lori ama nyuma?"

"Usinichezee. Kanisa nzima iliona zikipakwa."

"Na stage nzima imeona zikikataa kusimama."

"Ni shetani anapigana na hio kazi!"

"Basi amepigana na mahindi. Ona."

Nekesa akapiga kelele. Huyo msichana, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Nyamazeni! Nyote wawili! Nikikataa hizi ringi, kanisa itasema nimedharau mkono yao. Nikizipanda, nitakufa, ama nitaogopa mteremko nishike breki njia yote nipate kamba tena. Na nikipata kamba, ni mimi na sufuria ya mtu mwingine mpaka nizeeke. Sasa niambieni. Nani kati yenu ataosha hizo sufuria na mimi?"

Nikaweka kitambaa ya spirit chini.

Daktari alikuwa ameleta baisikeli yake, amesimama hapo nyuma na kofia yake kama ndizi. "Actually," akasema. Nikafunga macho. "Actually, ya mbele ndio mbaya. Mashindano ni upande wa Ngong, upepo inatoka kando. Ringi nene ya mbele ikipigwa na huo upepo inageuza hendo, hata mimi naogopa. Ya nyuma haina shida. Aweke hii ya kanisa nyuma, na ile ya chuma mbele."

Nikafungua macho. Nikatafuta mahali pa kumcheka, nikakosa.

"Na kaboni inataka raba zake za breki," akaendelea. "Za kawaida zinayeyuka. Niko na mpya kwa gari, achukue." Akaenda kuzileta. Mnaelewa huyo mtu anafanya nini? Nekesa akimaliza, ni yeye atabaki na watoto na jiko, na hajui hata chumvi inawekwa wapi. Na bado alienda kwa gari.

Mama Shiro bado alikuwa amekunja mikono. "Na mafuta?" Nikamwambia apigie pastor. Akapiga, akaweka kwa spika. Pastor ana sauti ya kuhubiri hata akiitisha maji. "Haleluya! Mama Shiro! Mimi nilipaka kwa imani. Hiyo mambo ya breki sikuelezwa." Akapandisha sauti. "Lakini kwani ni ringi inaenda kushindana? Daudi alipakwa kwa kichwa, hakupakwa kombeo. Mpake msichana!"

Mama Shiro ni mama wa kujipanga, chupa ilikuwa kwa mkoba. Nekesa akapiga magoti hapo kati ya tairi na mahindi, akapakwa kichwa, na mimi hapo kando napangusa ringi na spirit mpaka kitambaa ikatoka safi. Amina ikaitikiwa na stage yote. Kuna makanga mmoja hapo najua kanisa anaijua tu kama mahali pa kushukisha watu, hata yeye aliitikia.

"Na hii ingine nayo?" Mama Shiro akauliza, ameshika ringi ya mbele.

"Hiyo utabeba wewe," nikamwambia.

Nilikuwa namtania. Siku ya mashindano, akina mama walikuwa wamejipanga kando ya barabara na vitambaa vyeupe, na Mama Shiro katikati, amenyanyua ringi juu ya kichwa na mikono yote miwili, wazungu wanampiga picha wakifikiria ni desturi yetu.

Mimi nilisimama kwa mtu wa kamba. Kijana wa miwani nyeusi, saa kubwa, uso kama bango la usalama.

"Kijana, hiyo saa inakimbia."

"Shosho, iko sawa."

"Mama yako anajua uko hapa unakatia watu njia?"

"Shosho, tafadhali."

Nekesa alikuwa ametoka kwa maji kati ya wa kwanza, nikashukuru. Daktari ndiye alitoka akiwa amekunywa nusu ya bwawa. Halafu wakapotea na baisikeli, na upepo ya Ngong ikaamka. Wale wa ringi nene mbele na nyuma walianza kurudi wakiyumba kama mbuzi kwa pickup. Mmoja alishuka akasukuma na mkono. Daktari akapita, anapiga pedali vizuri, akaniinulia kidole gumba. Watu wakapungua barabarani. Kijana akashika kamba.

"Bado," nikamwambia.

"Shosho, sijafanya kitu."

"Naona vile unaishika."

Halafu akina mama wakapiga kigelegele huko mbali, na ringi ya Mama Shiro ikaanza kurukaruka hewani, nikajua. Nekesa akatokea kwa kona, amelala kwa pembe zake, mgongo imetulia, kiuno haidansi, magoti yanaenda juu na chini kama cherehani. Akafika kwa mteremko wa mwisho, akaguza breki, ikashika. Akaguza tena, ikashika. Sikujua nilikuwa nimekamata mkono ya yule kijana mpaka akaniambia naumiza. Nekesa akapita. Kijana akaangalia saa, akavuta kamba nyuma yake. Bwana mmoja mwenye alikuwa anamfuata akaipata imevutwa, akalala kwa hendo akalia. Sikumcheka. Nilijua hiyo kilio.

Nekesa akatupa baisikeli, viatu tayari viko kwa mguu, akaondoka mbio na kofia ya baisikeli bado kwa kichwa. Akina mama wote: "Kofia! Nekesa, kofia!" Hakusikia. Alimaliza kukimbia na hiyo kofia, na hakuna mtu alimcheka kutoka nyuma, kwa sababu hakuna mtu alikuwa nyuma yake. Alikuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa, na amemaliza.

Madam akakuja na kikombe yake. "Nekesa, darling. Jumatatu. Usilete kofia." Akamkumbatia na jasho yote.

Nekesa akakaa chini kwa nyasi. Akina mama wakamzunguka, Mama Shiro akamwekea ringi kifuani kama shada, wakapiga picha na hakuna mtu wa kuwakataza. Daktari akakuja na maji. Alimpatia, akasimama hapo. Unajua mtu anataka kusema hongera na anafikiria chakula ya jioni.

"Daktari," Nekesa akamwambia.

"Yes, Nekesa."

"Wewe kwa maji hupumui. Unainua kichwa kama unatafuta mtu amekuita."

"Najua."

"Utazama siku moja bure. Jumatatu jioni niko pale kwa maji. Uje, na usichelewe, mimi sipendi watu wa kuchelewa."

Daktari akaangalia viatu vyake. Akatoa kofia.

"Sawa, mwalimu."

Nekesa akageuka kuangalia nyuma, kuona ni mwalimu gani anaitwa.